Baba, Huyu Mtu Hasemi Pole

Matisi, Jumapili mchana

Baba,

Barua hii ningekuandikia mapema, lakini nilitaka nipate ushahidi kwanza. Wewe ndiwe uliyenizoesha hivyo. Mtu akija kwenye mashine akapiga kelele kwamba gunia lake limepunguzwa, hukumjibu. Ulikung'uta unga mikononi, ukaenda kuliangalia gunia.

Basi na mimi nimeenda kuliangalia gunia. Naomba unisikilize mpaka mwisho. Hilo najua utaliweza, maana hata ulipokuwa hai kazi yako ilikuwa kusikiliza.

Kwanza habari za nyumbani. Mashine inasaga. Nimebadilisha mkanda mara mbili, na sasa naweza kujua kwa sikio tu kama mahindi yameingia na jiwe. Mwanao Kamau hakuitaka mashine. Amepata kijidirisha huko Kitale mjini, anarekebisha simu. Siku hizi kila mtu ana simu, hata Mama Ciku jirani yetu anayo, ameifunga kwa kamba shingoni kama kengele ya mbuzi. Koti lako la kazini bado liko nyuma ya mlango na unga wake. Mama amekataa lifuliwe.

Mama mwenyewe mwaka wa kwanza alikuwa kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Anasimama katikati ya jiko, anaangalia sufuria, anatoka. Nilizoea. Halafu Jumamosi moja nikiwa namimina mahindi, nikasikia mtu anacheka nje. Kicheko cha kujishika mbavu. Nikazima mashine nikafikiri ni Mama Ciku. Alikuwa Mama, Baba. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka, na aliyemchekesha alikuwa mwanaume mrefu, amevaa koti limefungwa vifungo vyote kwenye jua lile, na kofia ameishika mkononi.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Alisema anatoka Ndalu, kule Tongaren, ana shamba la mahindi. Nikajiuliza, kwani Ndalu hakuna mashine za posho? Mtu anatoka Bungoma na debe moja anakuja kusaga Matisi? Nilimuuliza hivyo hivyo, unanijua. Akavuta pumzi, akasema: "Kimsingi, unga wa hapa una ulaini wa kipekee."

Kimsingi! Neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake, na sijui kama kuna siku imepita bila yeye kulisema mara kumi. Nikamuuliza kama tumwekee na pumba zake. "Kimsingi, makapi nayo yana manufaa." Akataka kujua bei. "Kimsingi, thamani ya huduma hii ni kiasi gani?" Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakaangaliana. Nikachukua ile kalamu nene ili niandike jina kwenye gunia lake, nikamuuliza anaitwa nani. Akaangalia foleni. Akaangalia mabati. Akameza mate. Kisha akasema, "Wekesa."

Baba, mtu hafikirii jina lake. Unaulizwa unaitwa nani, unasema. Nikaandika WEKESA, lakini moyoni nikaweka alama ya kuuliza.

Akarudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mama akaanza kumpikia chai. Siku moja nikamwambia makusudi, nikimtazama usoni, kwamba hii mashine ilikuwa ya baba yetu na baba yetu alifariki kwa kifua. Mtu yeyote, hata mlevi, hata adui, angesema pole. Yeye alisimama, akashika kofia kifuani, akasema: "Kimsingi, ninashiriki majonzi yenu kwa dhati ya moyo. Mwendazake astarehe."

Nilihisi nimesomewa kadi ya dukani. Nilienda nyuma ya mashine nikalia kwa hasira. Pole ni neno la silabi mbili. Linakushinda nini?

Usifikiri mimi ni mtu wa kukasirikia watu kwa sababu ya maneno yao. Sisi tumezungukwa na wenye maneno. Mzee Karanja wa kanisa bado anasema "kwa hayo machache" halafu anaendelea saa nzima. Unakumbuka ulivyokuwa unanigusa goti kwa kidole kila akilisema? Siku ile alifikisha saba nikatoka nje nikijifanya nakohoa, na wewe umekaa pale uso umenyooka kama mzee wa baraza. Mama Ciku naye kila kitu ni "si unajua", hata kitu ambacho amekizua yeye asubuhi hiyo. Kamau hawezi kumaliza sentensi bila "ati". Kumbe na mimi ninalo. Kamau anasema kila nikifungua mdomo natanguliza "lakini". Nilimwambia, lakini hiyo si kweli.

Wewe ulikuwa na "tutaona". Shule imefunguliwa, tutaona. Mvua imechelewa, tutaona. Nilikupenda nayo.

Lakini ya huyu mzee ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kama anaficha mahali fulani nyuma ya hayo maneno. Pikipiki ilipita, yeye akasema, "Chombo hiki cha magurudumu mawili kina mwendo hatari." Paka wetu alimrukia mapajani, akasema, "Naona mwindaji wa humu ndani amenikaribisha." Mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye leso. Kamau alikuwa ameketi mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Maze, ati huyu buda alimeza kamusi na haijashuka."

Kamau alianza kuchora mistari kwa chaki ukutani, mstari mmoja kwa kila kimsingi. Siku moja akajaza ukuta wote mpaka kwenye dirisha. Tulicheka sana, lakini mimi nilicheka jicho likiwa wazi. Maana nilikuwa nimegundua jambo: hajawahi kumwita Mama kwa jina. Wewe ulimwita Peninah. Kanisa lote linamwita Peninah, au Mama Nyambura. Yeye ni "mheshimiwa mama" tu, kama anahutubia mkutano. Nikajiuliza, huyu hata jina la Mama analijua? Au anao akina mheshimiwa mama wengine huko Tongaren, na anaogopa kuwachanganya?

Siku moja Mama alimleta kanisani. Wageni wakaombwa wasimame wasalimie. Unajua wageni husema nini: Bwana asifiwe, naitwa fulani, nimetoka mahali fulani. Yeye akasimama, akavuta pumzi, akasema, "Kimsingi, atukuzwe Mola. Mimi ni mgeni wenu kutoka Ndalu." Akaketi. Jina hakusema. Na Bwana asifiwe hakusema. Mama Ciku alikuwa nyuma yangu, akaniinamia sikioni: "Umesikia? Amekataa kumtaja Bwana. Hao ni wale watu wa giza, si unajua." Kufikia Jumatano kikundi kizima cha akina mama kilikuwa kinaomba kwa ajili ya nyumba yetu.

Mimi sikuamini ya giza. Mimi nilikuwa nafikiria ploti. Ploti ya Matisi uliyoinunua kwa jasho, yenye nyumba na mashine, na mjane ndani yake. Nani hazijui hizo hadithi? Anakuja mtu wa maneno matamu, mwaka unaisha, watoto wanajikuta nje ya geti.

Kisha nikapata karatasi.

Mvua ilimnyeshea njiani, Mama akamwambia avue koti likaushwe karibu na jiko. Nililipokea mimi. Mfukoni mlikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Najua haifai kuchokora mfuko wa mgeni. Niliikunjua. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kutoka juu mpaka chini, neno moja tu: Peninah. Peninah. Peninah. Mstari baada ya mstari, nyingine kubwa, nyingine ndogo, nyingine imelala, nyingine imesimama. Labda mara hamsini.

Jina la Mama asiyelitamka, anajizoeza kuliandika! Kwa nini mtu ajizoeze kuandika jina la mtu mwingine, kama si kuiga sahihi yake? Niliificha ile karatasi ndani ya Biblia yako. Mama sikumwambia. Nilisema nitangoja watu wawe wengi.

Na watu wakawa wengi siku ya kukukumbuka, mwezi uliopita, ulipotimiza miaka miwili kaburini. Tulipika githeri na mukimo, kanisa likaja, majirani wakajaa uani. Mzee Karanja alisema kwa hayo machache mara nne. Halafu Mama akaomba rafiki yetu wa Ndalu naye aseme neno. Akasimama na kofia yake. "Kimsingi, tumekusanyika kwa huzuni iliyochanganyika na shukrani. Mwendazake alikuwa nguzo ya familia hii..."

Sikumwacha amalize. Baba, nilisimama mbele ya watu wote, na haya ndiyo maneno niliyosema, siwezi kukuficha: "Mzee, lakini wewe hukumjua baba yangu. Acha nguzo. Sema pole tu, kama watu."

Akanitazama. Nikaendelea. "Sema pole. Na ukishasema pole, sema jina la mama yangu. Na ukishasema la mama yangu, sema jina lako, tulisikie."

Alifungua mdomo. Midomo ikashikana, ikatetemeka, haikuachana. Mishipa ya shingo ikasimama. Macho yakafumba. Hakuna kitu kilichotoka, Baba, hakuna. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wawili. Nikawaambia watu, "Mnaona? Hata uongo umemkwama." Nikatoa ile karatasi nikaiinua juu. "Na hii ndiyo kazi yake. Anajifunza sahihi ya Mama!"

Alivaa kofia. Alipita katikati ya viti taratibu, akitazama chini, akatoka nje ya geti.

Mama alikuja akachukua ile karatasi mkononi mwangu. Hakuirarua. Aliikunja mara nne, kwenye mikunjo yake ile ile, akaitia kifuani. Akaniuliza, "Umemaliza, Nyambura?" Kisha akaingia jikoni kuwapakulia wageni.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimwambia, Mama, nimekuokoa. Akachambua maharagwe. Nilimwambia, kama mimi ni mwongo basi nieleze ile karatasi ni ya nini. Akasema kitu kimoja tu: "Siri ya mtu si yangu kuimwaga." Hapo nikazidi kushuku. Kwa hiyo siri ipo! Jumanne asubuhi nikafunga mashine, nikaenda Ndalu mwenyewe kumchimba.

Sokoni Ndalu niliingia kwenye hoteli ya chai, nikamuuliza mwenye hoteli kama anamjua mkulima anaitwa Wekesa. Akacheka. "Wekesa gani? Hapa akina Wekesa ni kama mahindi." Nikasema mrefu, ana koti, anakuja Kitale kila Jumamosi. Akatikisa kichwa. Akauliza mzee aliyekuwa anakunywa chai pembeni, naye akatikisa kichwa. Mwisho nikasema, "Ni yule anasema kimsingi, kimsingi."

Wote wawili wakaitikia pamoja: "Aaa! Biketi!"

Biketi. Baba, nilihisi moyo umeruka kwa furaha mbaya. Jina la uongo! Nilikuwa nimemshika. Nikauliza nyumba yake iko wapi, wakanionyesha njia inayoshuka mtoni kupitia mashamba. Nilitembea haraka nikipanga maneno. Nilipanga hata vile nitakavyomwambia Mzee Karanja.

Nilimkuta dada yake mkubwa, Mama Nekesa, ameketi uani anapukuchua mahindi. Aliniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. "Mulembe, mwanangu. Kaa. Wewe ni yure mtoto wa mashine ya Kitare?" Unajua wenyewe wa huko wanavyogeuza L kuwa R. Nikasema ndiyo mimi. Akaendelea kupukuchua. "Tangu atoke kwenu, hari na harari. Anashinda tu shambani."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndugu yake hali wala halali.

Nikasema, kwa sauti ya kwenye mahakama, "Mama, kwa nini alituambia anaitwa Wekesa?"

Akaacha mahindi. Akaniangalia kama mtu anayepima kama utaweza kubeba mzigo. "Wekesa ni jina ra babu yetu, na ni rake pia. Hakuwadanganya. Ametumia rire rinatoka."

Halafu akanieleza, na mimi nitakueleza kwa maneno yangu. Biketi tangu utotoni ana kigugumizi. Si maneno yote. Ni yanayoanza na P na yanayoanza na B. Hayo yanamfunga mdomo kama mtu amemziba kwa mkono. Shuleni watoto walimwita Pikipiki, kwa sababu alikuwa anawaka p-p-p halafu anazima. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa aseme Bungoma, akamwacha pale mpaka kengele ya chakula ilipolia. Akaacha shule. Alikaa miaka mingi haongei na mtu ila dada yake na ng'ombe.

"Sasa siku moja," Mama Nekesa akasema, "akapata kamusi nzee kwa mtu. Akasoma kama Maandiko. Akaja kwangu mbio, akaniambia: dada, kumbe kira neno rina ndugu yake! Moja rikikataa, unaita ndugu." Pumba zikikataa, kuna makapi. Bei ikikataa, kuna thamani. Na kimsingi? Nilimuuliza hilo nikiwa tayari nimeanza kulia. Akasema hilo ni la kurudi nyuma hatua mbili kabla ya kuruka mtaro.

Nikakaa pale nikayapitia yote, Baba. Paka. Pikipiki, na sasa nilijua kwa nini hiyo hasa. Bwana asifiwe. Pole.

"Rakini jina ra mtu harina ndugu," akasema. "Na yeye, kati ya wanawake wote wa Kitare, kuna akina Ruth, kuna akina Anna, akaenda kumpata Peninah!" Akacheka kidogo, kisha akajifuta macho na leso. "Anariandika usiku na mchana. Anasema mkono ukizoea, rabda mdomo utafuata."

Ile karatasi. Mara hamsini.

Nilitaka ardhi ya Ndalu inimeze na viatu vyangu. Nilimwambia Mama Nekesa nilichokifanya mbele ya watu, nikamwambia hata lile neno la uongo kukwama. Hakunifariji. Alisukuma kapu la mahindi katikati yetu, tukapukuchua wote wawili, tukimngoja.

Alirudi saa saba, jembe begani. Aliponiona alisimama mbali, nikaona mkono unatafuta kofia ambayo hakuwa ameivaa. Akaanza, "Kimsingi..."

Nikapiga magoti, Baba. Nikasema, "Mzee, nisamehe. Nilikuaibisha kwenye kumbukumbu ya baba yangu. Sikujua. Na hata kama ningejua kidogo tu, sikutaka kujua."

Alinishika mkono akaniinua. Nilidhani atatafuta ndugu wa neno, atasema "hakuna tatizo", atasema "ninaelewa kwa dhati". Badala yake akatua jembe, akanikabili, akanipa mkono kama tunaonana mara ya kwanza. Mdomo ukajifunga. Mishipa ikasimama tena, ile ile. Nilitamani kumsaidia, nilikuwa nalo lile neno mdomoni mwangu, lakini dada yake alinitazama kwa jicho ambalo lilinitosha. Ningeweza kujaza debe muda ule. Kisha likatoka, vipande vipande, na mate kidogo:

"Naitwa B-b-b... Biketi."

"Mimi ni Nyambura," nikasema.

Akatabasamu. "Kimsingi," akasema, "hilo nalijua."

Nilirudi nyumbani jioni ile nikamkuta Mama jikoni. Sikusema kitu. Nilichukua kisu nikaanza kukata mboga ya sukuma. Akaniangalia miguu, ikiwa na udongo mwekundu wa mashambani, akajua nilikotoka. Ndipo akaniambia kwamba alijua tangu Jumamosi ya tatu. Mzee alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, akamwomba asimwambie mtu, hata watoto, mpaka yeye mwenyewe aweze kutuambia kwa mdomo.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hutalipenda. Nimelifikiria sana kama nikuandikie. Nikaona bora ulisikie kwangu kuliko kwa Mama Ciku.

Nilimuuliza Mama kama anataka kuolewa. Akashangaa kweli. "Nani amekwambia nataka kuolewa? Nataka mtu wa kuongea naye." Nikasema, lakini uliongea na Baba miaka ishirini na minane. Akakaa kwenye kigoda. Akasema hivi, nami nimeyakariri: "Baba yako nilimpenda, na nitazikwa kando yake. Lakini Nyambura, nilikuwa naongea na ukuta wenye moyo mzuri. Nilimwambia mambo yangu yote, akaniambia tutaona. Huyu kila neno analonipa amelitafuta. Namwona akilitafuta."

Nilikasirika kwa niaba yako. Nilitoka nje nikasimama kwenye mashine, nikaweka mkono juu ya chuma, kilikuwa baridi. Nilitaka kukutetea. Nilitaka kurudi jikoni nimwambie Mama kwamba wewe ulikuwa unasema kwa mikono, kwamba kidole kimoja kilimaanisha lete gunia na viwili vilimaanisha pumzika, na ukinigusa bega ulikuwa unasema umefanya vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba hizo ishara ulinifundisha mimi. Mama hukumfundisha. Mara ngapi alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba yako amesema nini?" na mimi nikamtafsiria mume wake mwenyewe. Sikuwahi kuliona kama jambo la kuhuzunisha. Nilijivuna nalo.

Sikulaumu. Nadhani mashine ilikuzoesha. Mtu akipigana na kelele miaka mingi, anaona maneno ni kupoteza nguvu. Na pengine, Baba, kama yeye, na wewe ulikuwa na neno lililokukwama. Hatukukuuliza. Tulifurahia kimya chako kwa sababu hakikutusumbua.

Nimeenda kwa Mzee Karanja nikamwambia nilimsingizia mgeni wetu mbele ya watu, na nikaomba niseme hivyo kanisani. Leo asubuhi nimesema. Nilisimama pale mbele. Siri yake sikuitoa. Nilisema tu kwamba nilimshuku mtu asiye na kosa, na karatasi niliyoinua haikuwa nilivyosema. Mama Ciku amenifuata nje akitaka kujua karatasi ilikuwa ya nini basi. Nimemwambia sitasema. Ameondoka akisema kuna jambo hapo, si unajua. Kamau kasikia yote kwangu jana. Alienda akachukua kitambaa chenye maji, akafuta ukuta.

Na jana, Jumamosi, alikuja. Stima ilikuwa imepotea, mashine imenyamaza, foleni ya wanawake imekaa kwenye magunia yao ikingoja. Alitaka kumwambia Mama kitu, na neno likamkamata katikati. Mwanamke mmoja kwenye foleni akafungua mdomo ammalizie. Mama akainua mkono, taratibu tu. Tukangoja sote. Wanawake, mimi, Mama na leso yake. Nilisikia kuku, nilisikia redio ya jirani. Neno likafika. Mama akalijibu. Lilikuwa neno lao, sitakuandikia.

Kama wataoana sijui. Mama amesema asiulizwe, na mimi siulizi.

Pumzika sasa, Baba. Nimekupa habari zote, nzuri na ile nyingine. Mkanda nitaukaza, kaburi nitalipalilia kabla mvua haijaanza, na ploti yako iko salama, hakuna aliyeitaka. Na hili nakuahidi: Mama akianza kuongea jikoni, hata foleni iwe imefika barabarani, nitazima mashine nikae nimsikilize.

Mwanao,
Nyambura